Darasa la Nyumbani Kando ya Mto Tana: Mwongozo kwa Familia Yenye Mtoto Mdogo

Familia inayoishi Ngao, Wema, Kulesa au Dide Waride haihitaji kuelezwa kwamba njia ya shule si ya mwaka mzima. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurisha Tana. Miezi michache baadaye, Aprili na Mei 2024, maji yakarudi, na muhula wa pili uliopangiwa kuanza tarehe 29 Aprili ukafunguliwa tarehe 13 Mei nchi nzima. Na shule iliyogeuzwa makao ya watu waliohamishwa na maji haifunguki kwa sababu redio imetangaza. Upande wa wafugaji, kiangazi kikikaza, ng'ombe hushushwa kwenye malisho ya delta, na nyumba huwafuata. Hata mwaka ukiwa mwema, mtoto wa miaka minne hawezi kutembea peke yake kilomita kadhaa penye nyati na mamba.

Kwa hiyo nyumba nyingi za Garsen na viunga vyake zinafundisha, ziwe zimepanga au hazikupanga. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kupanga. Unamhusu mtoto wa miaka mitatu hadi minane, awe anasubiri kuanza chekechea, awe amekatizwa masomo na maji au ukame, au awe anakwenda shule na wewe unataka kumtia nguvu. Nguzo yake ni moja: mtoto mdogo hufundishwa na nyumba nzima. Mama akiachiwa kazi hii peke yake, juu ya shamba, maji, kuni na mtoto mchanga, darasa halitamaliza mwezi. Kazi ikigawanywa, litadumu.

Kwanza, linda nafasi yake shuleni

Kufundisha nyumbani kusiwe kumficha mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na mzazi anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Darasa la nyumbani basi liwe mwenza wa shule, na daraja pale shule isipofikika.

Katika mtaala wa umilisi, mtoto huanza chekechea, yaani PP1, akiwa na miaka minne, PP2 akiwa na mitano, na gredi ya kwanza akiwa na sita. Chekechea iko chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo kijiji kisicho na kituo kina haki ya kumwendea mwakilishi wa wadi na kukidai. Kwa jamii zinazohama na mifugo, sheria hiyo hiyo ya 2013 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wafugaji Wahamaji, linalojulikana kwa kifupi cha NACONEK. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kama kuna shule ya kuhamahama kwenye njia mnayopita na mifugo.

Fanya mambo matatu mapema. Pata cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu, na bila cheti usajili wa shule huwa na vikwazo. Mwandikishe mtoto hata kama unajua kuna miezi atakosa. Kisha zungumza na mwalimu wake kabla hamjahama au maji hayajafunga njia. Mwambie mnakwenda wapi na kwa muda gani, muulize darasa limefika wapi, omba kitabu kimoja cha kwenda nacho, na chukua namba yake ya simu. Mwalimu aliyeagwa vizuri humpokea mtoto vizuri.

Kila mtu na somo lake

Kaeni jioni moja, watu wazima na watoto wakubwa, mgawane. Mgawanyo huu unafaa nyumba nyingi:

- Kaka au dada aliye gredi ya nne na kuendelea: kusoma na kuandika. Yeye bado anakumbuka jinsi alivyojifunza.
- Baba, ami au mjomba: hesabu, kwa sababu mazao, mifugo na fedha za soko hupita mikononi mwao kila siku. Kama ni mama anayeuza sokoni, somo hili ni lake.
- Babu na nyanya: hadithi, vitendawili, nyimbo, majina ya miti, ndege na samaki, na lugha ya nyumbani katika ubora wake.
- Mama: kujua siku imekwendaje na nani ametimiza zamu yake. Asibebeshwe masomo yote.

Mpe mwalimu mdogo masharti mawili. La kwanza, asizidishe robo saa kwa kikao. La pili, asipige wala kumwita mwenzake mjinga. Sheria ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na hakuna sababu ya kuirudisha ukumbini kwenu. Mtoto anayefundishwa kwa hofu hujifunza kukwepa, na silabi hazimkai.

Wewe usiyejua kusoma una kazi kubwa hapa. Keti karibu mtoto anaposoma, kisha mwambie: "Haya, nisimulie ulichosoma." Akikusimulia kwa mpangilio, ameelewa. Akikwama, mwambie arudi ukurasani. Hiyo ni kazi halisi ya mwalimu, na haihitaji cheti.

Wakati usioguswa

Mtoto wa miaka minne hutulia dakika kumi hivi, na vikao viwili kwa siku vinamtosha. Wa miaka sita huweza dakika ishirini, na wa minane nusu saa. Vikao vifupi vya kila siku humfaa zaidi kuliko asubuhi nzima ya Jumamosi.

Chagua saa ambayo nyumba yenu tayari imetulia. Kwa mkulima, huenda ni baada ya chai kabla jua halijapanda. Kwa mfugaji, baada ya kukamua, ndama wakiwa bado karibu na boma. Kwa mtoto wa madrasa, baada ya kurudi na kula. Usimweke kusoma akiwa na njaa au usingizi. Ukishachagua, saa hiyo iheshimiwe: mgeni asubiri kidogo, na mtoto asitumwe dukani.

Kusoma: anza na konsonanti nne

Anza kwa lugha ambayo mtoto anaiota. Sera ya elimu ya Kenya inataka mtoto wa chekechea hadi gredi ya tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na UNESCO ilipendekeza elimu ianze kwa lugha ya mama tangu 1953. Garsen mjini, ambako Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wagiriama na wengine wanaishi mlango kwa mlango, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Kijijini, zungumza naye Kipokomo au Kiorma unapoeleza jambo jipya, hata kama kitabu ni cha Kiswahili.

Kiswahili kina neema kwa anayeanza kusoma: kila irabu ina sauti moja, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Fuata ngazi hizi, na usipande ya pili kabla ya kwanza haijakaa.

1. Irabu tano: a, e, i, o, u. Ziandike mchangani kwa kijiti, kubwa, mtoto azipitishe kwa kidole huku akizitamka.
2. Konsonanti m pamoja na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Kisha k, kisha l, kisha t, moja moja kwa siku kadhaa.
3. Unganisha silabi mbili: ma-ma, ka-ka, ku-ku, mo-to, ki-ma. Kata boksi kuukuu liwe vipande, kila silabi na kipande chake, mtoto avipange mwenyewe.
4. Ingiza m inayosimama peke yake mbele: m-to, m-to-to, m-ke-ka, m-li-ma, m-ta-ma.

Sasa angalia mtoto amefika wapi kwa konsonanti nne tu. Mwandikie haya kwenye ubao, ukutani kwa mkaa, au mchangani:

*Mama alima mtama. Kima ala mtama. Kaka atoka. Kima atimka!*

Kila herufi ya hadithi hiyo ameshajifunza, na kila mtoto wa shambani Tana ameona kima akitimka. Acha asome polepole kwa kidole. Usimsomee kabla yake. Akikwama kwenye "atimka", funika neno zima kwa kiganja, ufunue silabi moja moja: a, ti, m, ka. Akilipata, arudie sentensi nzima tangu mwanzo ili aisikie kama maneno ya mtu anayesema. Kisha mwulize: "Kima alikimbia kwa nini?" Swali hilo ndilo linalomfundisha kwamba maandishi yana maana.

Baada ya hapo ongeza b, n, s, p, w, y na nyingine, halafu konsonanti pacha: mb, nd, nj, ch, sh, ny, ng'. Usikimbilie dh, th na gh, zitangoja. Vitabu vikikosekana, programu ya African Storybook ina hadithi za bure za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Ziteremshe kwenye simu mkiwa Garsen au Minjila penye mtandao, mzisome baadaye popote mlipo. Simu ishikwe na mkubwa, na ikimaliza hadithi ifungwe.

Hesabu: mbegu, ndama na gorogoro

Mtoto anayetaja moja hadi mia bila kugusa kitu ameimba tu, bado hajahesabu. Mpe mbegu za ukwaju, azisogeze moja moja huku akitaja. Akizoea, mafungu ya kumi: kila kumi aziweke kwenye kikombe. Vikombe vitatu na mbegu nne ni thelathini na nne. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho hatatishwa na makumi na mamoja kwenye daftari la gredi ya kwanza.

Kwa familia ya wafugaji, ndama ni somo la kila jioni. Walitoka kumi na wawili, wamerudi kumi: wangapi hawajaonekana? Waweke kwa rangi, kwa umri, kwa mama zao. Kuainisha vitu ni mwanzo wa hesabu, na mtoto wa mfugaji huanza kabla hajashika penseli.

Kwa mkulima, pima mchele au mahindi. Gorogoro moja linajazwa na vikombe vingapi? Mtoto akisie kwanza, kisha apime, kisha alinganishe makisio na ukweli. Babu amfundishe pia vipimo vya zamani, vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi. Hapo mtoto anazidisha kwa mbili na kugawa nusu bila kujua kwamba ndiyo hesabu. Msimu wa maembe, muulize: kama embe moja ni shilingi kumi, fungu la matano ni pesa ngapi, na mteja akitoa noti ya mia atarudishiwa nini?

Jioni, bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nyingi mno kwa mtoto mdogo. Mchimbieni mchangani safu mbili fupi, kete mbili kila shimo, ajifunze kupanda kete moja moja na kutabiri ya mwisho itaangukia wapi. Kutabiri huko ndiko kujumlisha kwa kichwa.

Mto wenyewe ni kitabu

Mtaala wa chekechea una somo la mazingira, na eneo hili la Mto Tana lina mazingira ambayo wengine huyasoma vitabuni. Mfundishe mtoto kuusimulia mto kutoka juu hadi chini. Maji yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanafika Garissa, Hola, Garsen, na kumwagika baharini Kipini, safari ya takriban kilomita 1,000. Akiyajua majina hayo kwa mpangilio, ameshajibiwa swali ambalo watoto wote wa hapa huuliza: mbona mto umejaa na huku kwetu mvua haijanyesha?

Mkubwa mmoja asimike mti wenye alama zilizotiwa kwa rangi au kisu mahali salama ukingoni, na kila asubuhi asome maji yamefika alama ya ngapi. Mtoto abaki nyuma, mbali na ukingo, kwa sababu ya mamba, kisha aandike namba hiyo nyumbani karibu na tarehe. Baada ya mwezi ana safu ya namba anayoweza kuisoma: zinapanda, zinashuka, au zimetulia. Amejifunza tarehe, namba, kulinganisha na tahadhari kwa pamoja, na familia imepata daftari la kuisaidia kuamua lini ihamie mahali pa juu.

Mwambie pia kwamba misitu ya ukingo wa Tana ya chini ina aina mbili za kima ambao hawaishi kwingine popote duniani, mmoja wao akiwa mbega mwekundu wa Tana. Mtoto anastahili kujua kwamba kwao kuna kitu ambacho dunia nzima haina.

Hadithi na wimbo

Kipindi cha babu na nyanya kisionekane cha ziada. Msamiati anaoupata mtoto kwa kusikiliza ndio atakaoukuta baadaye kitabuni. Anzeni na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye masimulizi yake yanataja Ozi, Shaka na Kipini, hapa hapa mwisho wa mto. Simulia alivyofungwa gerezani, mama yake akamtumia mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, naye akakata minyororo wakati ngoma ya gungu inalia nje na kuzima mlio wa chuma. Kisha mwachie mtoto maswali: kwa nini mkate wa wishwa na si mkate mzuri? Kwa nini ngoma? Mtoto atakayegundua kwamba walinzi wangejilia wenyewe mkate mzuri amejifunza kufikiri sababu ya tendo, na huko ndiko kusoma kwa ufahamu.

Wimbo wa taifa nao una jambo la kujivunia: sauti yake ilitoholewa mwaka 1963 kutoka wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Nyanya anayeujua wimbo huo wa zamani auimbe kwanza, kisha mtoto aimbe wa taifa, na asikilize mwenyewe zinapokutana.

Maji yakija

Andaa mapema ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Ndani weka cheti cha kuzaliwa, daftari na kitabu cha shule, penseli mbili, vipande vya silabi, na mfuko wa mbegu za kuhesabia. Ndoo hiyo ibebwe pamoja na chakula, isiwe ya mwisho.

Mkifika mahali pa juu, siku chache za kwanza ni za usalama, maji safi na usingizi. Usimlazimishe mtoto kusoma akiwa bado anaogopa. Mwache achore alichokiona na akusimulie. Kikao kifupi kikirudi saa ile ile ya nyumbani, humwonyesha kwamba si kila kitu kimesombwa. Tafuteni familia nyingine mbili tatu, mkusanye watoto chini ya mti mmoja, kila mzazi achukue siku yake. Wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020, masomo ya redio ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala yalisikika kupitia KBC. Redio ndogo ya betri ina nafasi yake katika mzigo wa kuhama.

Pima mwenyewe kila mwezi

Tathmini ya Uwezo, iliyoanza 2009, ilikwenda nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, ikiwapima watoto kwa ngazi nyepesi: silabi, maneno, aya, hadithi. Tumia ngazi hizo hizo. Mwandikie mtoto silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Ngazi anayoiweza bila kusaidiwa ndiyo alipo, na ndipo pa kuanzia, hata kama umri wake unasema awe mbele zaidi. Kwa hesabu: kutambua namba, kujua iliyo kubwa, kujumlisha, kutoa. Andika tarehe na matokeo kwenye daftari. Kama miezi miwili imepita hajasogea, jaribu saa nyingine au mwalimu mwingine wa nyumbani. Kama haoni vizuri, hasikii akiitwa, au maneno hayamtoki kama wenzake wa rika lake, mpeleke kituo cha afya kabla ya kumlaumu.

Siku njia itakapofunguka, mrudishe shule na daftari hilo mkononi. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi, kila mmoja akiwa amekosa wiki zake, atafurahi kujua kwamba huyu anasoma aya, anajumlisha hadi ishirini, na bado anasumbuliwa na "nd" na "mb". Wala msilifunge darasa la nyumbani siku hiyo. Punguzeni vikao, lakini nyanya aendelee na hadithi, baba na hesabu ya jioni, kaka na dada na robo saa yao ya kusoma. Mvua za masika na za vuli zitakuja tena. Nyumba ambayo haikuacha kufundisha haitaanza upya.